Theluji ya Kubandika, Kivuli cha Dar

Kila Desemba huzagaa picha za aina moja kwenye makundi ya WhatsApp: familia ya Dar es Salaam, wazazi na watoto, imesimama kwenye theluji. Nyuma yao kuna nyumba ya magogo na mti uliosheheni taa, Baba Krismasi anacheka pembeni, na wenyewe wamevaa vitenge vya mikono mifupi. Hadanganyiki mtu, wala hakuna aliyekusudia kudanganya. Ni mbwembwe za sikukuu. Ila picha nyingine humchekesha mtazamaji bila yeye kujua kinachomchekesha.

Mara nyingi ni kivuli.

Adhuhuri ya Krismasi, jua la Dar huwa karibu na utosi, na mtu wa mita moja na nusu hutoa kivuli kisichofika hata nusu mita. London, adhuhuri ya siku hiyohiyo, jua liko chini kiasi kwamba kivuli cha mtu huyo kingezidi mita 5. Anayeipiga picha familia mchana uani kwake, kisha akaibandika kwenye theluji ya Ulaya, ametia majua mawili katika picha moja.

Ndiyo maana fundi makini huanza kazi kabla ya kugusa kompyuta. Huchagua mandhari kwanza, akatazama mwanga wake unatoka upande gani, ndipo akawapiga picha wahusika asubuhi au jioni, jua likiwamulika kutoka upande uleule.

Yanayofuata hufanyika kwenye leya, yaani picha kadhaa zilizolaliana kama karatasi za plastiki angavu. Photoshop iliingia sokoni mwaka 1990, lakini leya ilizipata mwaka 1994, katika toleo la 3. Fundi hafuti ua wala ukuta uliokuwa nyuma ya watu; huuficha kwa maski, ambapo brashi nyeusi huficha na nyeupe hurudisha. Nywele ndizo zinazotesa, na haraka zote huonekana hapo. Kisha hupunguza umanjano wa jua la pwani na kuongeza ubuluu kidogo. Kivuli hukichora kwenye leya yake: kikali miguuni, laini kadiri kinavyokwenda mbali. Wengi husahau kwamba theluji hurudisha mwanga juu, kwa hiyo hata chini ya kidevu panatakiwa pang'ae kiasi.

Mchezo wenyewe si mgeni pwani. Huko Lamu, Omar Said Bakor, aliyefungua Bakor Studio miaka ya 1960, aliunganisha picha kwa mikono, kompyuta ikiwa bado haijulikani mitaani. Sura ya mteja ingeweza kuchomoza katikati ya petali za ua, na mteja akaondoka ameridhika, kwa kuwa ndicho alichokitaka.

Balaa huanza pale uhariri unapojificha. Tarehe 10 Machi 2024, Siku ya Akina Mama nchini Uingereza, Kasri la Kensington lilitoa picha ya Binti Mfalme Catherine na wanawe watatu. Mashirika ya habari ya AP, AFP na Reuters yaliiondoa baada ya kubainika kwamba imehaririwa; mkono wa sweta la binti yake Charlotte haukuungana sawasawa. Siku iliyofuata Catherine aliomba radhi. Theluji ya Dar haihitaji msamaha wa namna hiyo, maana hujitangaza yenyewe. Ila kumweka babu aliyefariki katikati ya wajukuu ni jambo jingine: picha ya namna hiyo iandikwe wazi nyuma kwamba imeunganishwa, kwa sababu miaka 30 ijayo wajukuu hao wataichukua kuwa ushahidi.

Anayetaka kujaribu msimu huu si lazima anunue chochote. GIMP ni programu ya bure, ina leya na maski, na hufanya kazi hata kwenye kompyuta ya kawaida. Ahifadhi tu nakala ya picha asilia pembeni kabla hajaanza kukata.