Uvimbe wa Mbwa Hujichimbia Mfereji

Leo tutazungumza juu ya mbwa, mlinzi wa nyumba na kihamba chako, na juu ya uvimbe unaoweza kumwota.

Ninyi wa Uru mwaijua kazi ya mfereji. Maji hutoka mlimani, kisha kila mtu huyapata kihambani mwake kwa zamu. Mgomba usiofikiwa na maji wakati wa kiangazi hunyauka. Mwili wa mbwa nao ni hivyo hivyo. Mishipa ya damu ndiyo mifereji yake. Damu huchukua chakula na hewa safi, ikavipeleka kila mahali.

Uvimbe wa saratani huanza kwa chembe chache za mwili zinazozaana ovyo. Mwanzoni hauna mfereji wake. Hunyonya kidogo kwa jirani, na kwa hiyo ni vigumu kupita milimita 1 au 2, yaani kama punje ya ulezi. Ili ukue, lazima upate damu zaidi. Basi hufanyaje?

Huita. Chembe zake hutoa protini ambayo wataalamu huiita kwa herufi VEGF. Protini hiyo huifikia mishipa ya karibu, nayo huchipua matawi kuelekea kwenye uvimbe. Si kitu kibaya kwa asili yake. Husaidia kidonda kupona na kitoto kukua tumboni. Lakini kidonda kikipona, mwito hukoma. Uvimbe haukomi. Ni kama mtu atoboaye ukingo wa mfereji usiku, bila zamu wala ruhusa ya wazee.

Mwaka 1971, mwaka ule ule hospitali ya KCMC ilipofunguliwa Moshi, daktari Judah Folkman wa Boston, Marekani, aliandika kwamba tukizuia mishipa hiyo, uvimbe utakosa chakula. Wengi hawakumwamini. Mwaka 2009 Marekani iliruhusu vidonge vya toseranibu kwa mbwa wenye aina moja ya saratani ya ngozi. Dawa hiyo huifanya mishipa isiusikie mwito, na pia huzipiga chembe zenyewe za uvimbe. Haiponyi kila mbwa.

Je, wewe ufanye nini? Shika mambo matatu.

1. Mpapase mbwa wako mara kwa mara: ngozi, tumbo na chuchu. Ukikuta uvimbe, mwite bwana mifugo ungali mdogo. Si kila uvimbe ni saratani, lakini kwa macho tu haujulikani.

2. Usiukate kwa wembe, wala usiufunge kwa uzi. Mishipa ya saratani imepindapinda na huvuja. Mbwa aweza kutokwa na damu nyingi mno.

3. Usiseme, "Tungoje tuone." Chembe za saratani husafiri kwa mishipa ile ile mpaka mapafuni. Zikifika huko, kukata uvimbe wa nje hakutoshi tena.

Maswali ya kuzungumza darasani:

Kwa nini uvimbe mdogo sana haukui bila mishipa mipya?
Kwa nini ni hatari kuukata nyumbani?
Nani katika kikundi amempapasa mbwa wake mwezi huu?