Gari Linapochemka: Maji Yameenda Wapi?

Yeyote kati yetu anayekuja shuleni kwa miguu kupitia barabara kuu amewahi kuliona jambo hili. Gari limeegeshwa kando, boneti iko wazi, mvuke unafuka kama sufuria ya githeri, na dereva ameketi juu ya jiwe akingojea kijana alete mtungi wa maji. Barabara hii hupanda kutoka Mai Mahiu hadi upande wa Limuru, na wanaojua Kikuyu hawahitaji kuelezwa kwamba Mai Mahiu maana yake ni maji ya moto. Jina hilo halikutokana na magari, lakini limeyafaa sana.

Nimeamua kuandika makala haya kwa sababu mbili. Kwanza, likizo zangu nyingi huishia katika gereji ya jua kali ya mjomba wangu, ambapo kazi yangu ni kumkabidhi spana na kumwuliza maswali mpaka achoke. Pili, mwaka jana pikapu ya baba, ile inayobeba kabichi kutoka Kinangop, ilikaa juu ya mawe majuma matano kwa sababu dereva aliyeajiriwa aliiendesha ikiwa imechemka. Katika majuma hayo nilirudishwa nyumbani mara mbili kuleta pesa za chakula cha mchana. Kwa hivyo kwangu mimi rejeta si mambo ya wanaume wa gereji tu. Najua kuna watakaouliza msichana anatafuta nini chini ya boneti. Hao nitawajibu punde.

Injini ya petroli haina uwezo wa kugeuza moto wote inaouwasha kuwa mwendo. Ukinunua petroli ya shilingi mia, kama ishirini na tano hadi thelathini na tano tu ndizo zinazosukuma gari. Zilizobaki huwa joto. Sehemu kubwa ya joto hilo hutoka kwa ekzosi, na sehemu nyingine kubwa hubaki katika vyuma. Ndani ya silinda moto hupita nyuzi 2,000, ilhali aluminiamu, ambayo silinda hedi nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwayo, huyeyuka kwa nyuzi 660. Kinachozuia hedi isiharibike ni maji yanayozunguka bila kupumzika.

Pampu huyasukuma maji kupitia vijia vilivyo ndani ya injini, yakalibeba joto, yakatoka kwa mpira wa juu na kuingia katika rejeta. Humo hupita katika mirija myembamba iliyozungukwa na mapezi ya bati, upepo wa safari au wa feni ukayapoza, kisha yakarudi kwa mpira wa chini kuanza upya. Tulisoma katika fizikia kwamba kilo moja ya maji huhitaji jouli 4,200 ili joto lake lipande kwa nyuzi moja tu. Vitu vya kawaida vinavyobeba joto kiasi hicho ni vichache sana. Nilipojifunza haya darasani nilifurahi, kwa maana nilikuwa nimeyaona gereji kabla ya kuyaona ubaoni.

Sasa wale wa swali la msichana. Mnamo Agosti 1888, Bertha Benz, mkewe Karl Benz, alilichukua gari la mumewe, akawapakia wanawe wawili, akaliendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim huko Ujerumani, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Hiyo ndiyo safari ndefu ya kwanza ya gari inayojulikana. Gari lile halikuwa na rejeta kama zetu. Maji yake yalichemka na kupotelea hewani, basi ikambidi mama huyo asimame mara kwa mara njiani kuongeza mengine. Rejeta yenye vitundu vingi kama sega la nyuki ilikuja na gari la Mercedes la mwaka 1901, kazi yake Wilhelm Maybach. Kwa hivyo dereva wa kwanza kuhangaika na maji barabarani alikuwa mwanamke.

Tuje kwa jambo ambalo madereva wengi hawalijui, na ambalo linatuhusu sisi wa nyanda za juu kuliko watu wa pwani. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Huku kwetu juu ya mteremko ni kama 92 au 93, na ukifika Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ni karibu 91. Hewa ya juu ni nyepesi, haiyakandamizi maji vya kutosha, nayo hupata nafasi ya kuruka mapema. Akina mama wanaopika maharagwe huku wanalijua hili bila kusoma fizikia.

Lakini injini yenyewe hufanya kazi vizuri ikiwa na joto la nyuzi 85 hadi 95! Maana yake ni kwamba lau maji ya rejeta yangekuwa wazi kama ya sufuria, gari zima, lisilo na kasoro yoyote, lingechemka hapa kwetu kila siku. Haliwi hivyo kwa sababu ya kitu kimoja kidogo, kifuniko cha rejeta.

Kifuniko hicho si cha kuzuia maji yasimwagike tu. Ndani yake kuna springi inayokandamiza raba. Maji yakipata moto hutanuka, presha ikapanda, na springi haiachilii mpaka presha ifike kiwango chake. Juu ya vifuniko vingi vya magari madogo kumeandikwa 0.9 au 1.1, na presha hiyo ni karibu sawa na kuongezewa hewa yote ya Mombasa juu ya hewa yetu. Kwa kifuniko cha 0.9, maji hapa kwetu hayachemki mpaka nyuzi 114 hivi. Tazama basi: kutoka 92 hadi 114, hizo nyuzi ishirini na mbili ndizo zinazolivusha gari mlima. Raba ikikatika au springi ikilegea, zote zimepotea. Nimewahi kuona kifuniko kilichofungwa kwa kipande cha tyubu na waya, na mwenye gari akilalamika kwamba rejeta yake ni mbovu. Rejeta haikuwa na neno.

Presha hiyohiyo ndiyo inayounguza watu. Kuna kijana mmoja, manamba katika steji yetu, ambaye mkono wake wa kulia na shingo vina makovu mpaka leo. Gari lilichemka, abiria wakaanza kelele, naye akakishika kifuniko kwa kitambaa na kukizungusha. Maji yaliyokuwa na joto la nyuzi mia na zaidi, yakiwa bado maji kwa sababu ya presha, yaligeuka mvuke papo hapo na kumrukia. Mvuke ni mbaya kuliko maji ya moto, kwa kuwa unapogusa ngozi na kurudi kuwa maji huachilia joto lote ulilolibeba, zaidi ya jouli milioni mbili kwa kilo. Walimpaka dawa ya meno. Ndugu zangu, kilichofaa ni maji baridi ya bomba yapite juu ya kidonda kwa dakika 20, kisha hospitali. Rejeta ya moto haifunguliwi. Ukitaka kujua kama imepoa, jaribu kuubonyeza mpira wa juu: ukiwa mgumu kama gurudumu, au mkono haustahimili joto lake, ngoja. Nusu saa si nyingi.

Mjomba ana swali moja ambalo humwuliza kila mteja anayekuja na mtungi wa maji ndani ya gari.

"Dere, unaongeza maji mara ngapi?"

"Ah, kila asubuhi, fundi. Yanaisha tu."

"Maji ya rejeta hayaliwi. Yameenda wapi?"

Wengi hucheka, lakini swali ni la kweli. Maji hayo yamefungiwa. Yakitanuka, ziada huingia katika chupa ya akiba, na injini ikipoa yanafyonzwa kurudi. Gari zima linaweza kwenda miezi bila kuongezwa kitu cha maana. Anayeongeza kila asubuhi ana ufa mahali fulani, na huo mtungi anaojivunia ni ushahidi dhidi yake.

Kuutafuta ufa huo hakuhitaji mitambo. Asubuhi injini ikiwa baridi, angalia chini ya gari kama kuna unyevu. Papasa mipira yote. Iliyo laini kupita kiasi, iliyopasuka vijinyufa au iliyovimba karibu na klipu imekwisha kazi. Mpira uliobonyea bapa baada ya injini kupoa unakuambia kwamba kifuniko hakiruhusu maji kurudi. Pampu nayo ina kitundu kidogo chini ya ekseli yake, na ukiona alama za kutu zikitiririka hapo, jua inaomba kubadilishwa. Ikiwa nje ni kukavu kabisa na bado maji yanapungua, hapo mjomba hunyamaza kidogo. Hufungua kifuniko cha oili. Akikuta uji wa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia katika oili kupitia gasketi ya silinda hedi, na hesabu yake si ya mia mbili wala mia tano.

Kuna ubishi mmoja ambao huzuka gereji karibu kila juma, na mimi nina upande wangu. Ni juu ya thamostati, mlango mdogo ulio njiani mwa maji. Ndani yake mna nta. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa ili injini ipate joto upesi. Nta ikiyeyuka, mara nyingi kuanzia nyuzi 82, hutanuka na kuusukuma ufunguke. Madereva wengi huing'oa na kuitupa. "Hii ni ya Ulaya kwenye barafu," husema. Huo ni uongo mtupu. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi na kuchakaa haraka, na katika baadhi ya injini, thamostati ikiondolewa, maji hupata njia ya mkato na kurudi bila kupita katika rejeta. Basi unang'oa kitu ili gari lipoe, nalo linachemka zaidi! Ikikwama, nunua nyingine. Ukitaka kuijaribu, itie katika sufuria ya maji na uipashe moto uone kama itafunguka.

Kuhusu maji yenyewe, yale ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ndani ya mirija kama ule wa birika la chai, na yale ya mtoni huleta matope. Kilicho bora ni kulanti iliyochanganywa kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Huku kwetu barafu si shida, ila kulanti huzuia kutu na pia hupandisha kiwango cha kuchemka. Nayo huchoka, hivyo hubadilishwa kila baada ya muda uliotajwa katika kitabu. Tafadhalini, msiiweke katika chupa ya soda. Ina utamu na rangi ya kuvutia, na ni sumu inayoua watoto na mbwa.

Feni na mkanda wake havina maneno mengi: mkanda usilegee wala kupasuka, na mapezi ya rejeta yaondolewe matope na wadudu kwa maji ya taratibu, kutoka upande wa injini kwenda nje.

Ukiwa njiani na mshale wa joto uanze kupanda, zima kipozahewa, teremsha gia, na uwashe hita hata kama abiria watanung'unika, kwa sababu hita huchota joto la injini. Usipoteremka mshale, simama na uzime injini. Na hapa ndipo dereva wa baba aliponaswa. Aliuona mshale ukipanda, kisha ghafla ukashuka hadi chini kabisa, akashukuru Mungu na kukanyaga mafuta. Kumbe maji yalikuwa yameisha. Kile kinachopima joto hukaa ndani ya maji. Kikibaki hewani huweza kudanganya kuwa kuna baridi. Alipofika kileleni injini ilizimika yenyewe. Akamimina maji baridi juu ya chuma kilichokuwa kikiwaka, na hedi ikapasuka.

Siku pikapu iliporudishiwa hedi nyingine, mjomba aliniachia kazi ya kujaza maji. Hujazwa polepole, injini ikiwa baridi na kifuniko kikiwa wazi, kisha injini huwashwa na kuachwa ikinguruma. Mapovu hupanda moja moja, hewa iliyonaswa ndani ikitoka. Baada ya dakika kumi hivi mpira wa juu, uliokuwa baridi, ulipata moto ghafla mkononi mwangu, thamostati ikiwa imefunguka. Maji yalishuka ghafla, nikaongeza hadi shingoni, mapovu yakakoma. Mjomba akanipa kifuniko kipya cha 0.9.