Gati la Kisumu Ndani ya Chumba cha Boriti

Reli ya mfano ni treni ndogo zinazokwenda kwa umeme juu ya meza iliyojengwa kufanana na mahali fulani pa kweli. Katika skeli ya 1:87, iliyoenea kuliko zote duniani, mita moja ya kweli huwa milimita 11.5. Reli ya zamani ya Kenya na Uganda ina upana wa mita moja, hivyo mfano wake hukaa juu ya reli za milimita 12. Reli hizo huuzwa zikiwa tayari, kwa kuwa Uswisi nayo ina njia nyingi za upana huo. Safari nzima ya Mombasa hadi Kisumu, kilomita 930 hivi, ingetaka reli ya mfano ya zaidi ya kilomita 10. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mpangaji ni kuamua kipande gani kibaki, na uamuzi huo hakuna programu inayoweza kumfanyia.

Kinachobana zaidi ni chumba. Tuseme reli inajengwa Ndau, kisiwa kilicho kati ya Pate na Kiwayu, katika eneo la boriti za mkoko. Katika visiwa vya Lamu, nyumba ya mawe ya jadi hufunikwa kwa boriti hizo, na boriti ina kikomo cha urefu inaoweza kubeba. Ndiyo maana vyumba hivyo ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Kona ya kweli yenye nusu kipenyo cha mita 200 huwa mita 2.3 katika mfano, na treni inayotaka kugeuka nyuma kwa kona kama hiyo ingehitaji upana wa mita 4.6. Kwa hiyo kona lazima zikazwe. Reli za milimita 12 hukubali nusu kipenyo cha sentimita 33, lakini mabehewa marefu hutokeza pembeni na sura yake huharibika. Sentimita 60 ni kipimo chenye heshima zaidi. Duara kamili la kipimo hicho hula meza ya zaidi ya mita 1.2, nayo ni pana kuliko mkono unavyofika: treni ikianguka katikati au upande wa ukutani, haiokoteki. Katika chumba chembamba, rafu ya sentimita 45 inayofuata ukuta mrefu na kukunja kona moja hufaa kuliko duara.

Rafu hutaka mandhari ambamo treni zina sababu ya kusimama na kupangwa. Hapo gati la Kisumu lina thamani kubwa. Reli ilifika huko Desemba 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, na bandari hiyo ikawa mahali treni inapokutana na meli. Tangu miaka ya 1960 meli za MV Uhuru na MV Umoja zimebeba mabehewa yenyewe, mzigo ukiwa ndani, kuvuka Ziwa Viktoria. MV Uhuru huchukua mabehewa 22. Kwa mwenye nafasi ndogo jambo hili ni neema, kwa sababu tatizo kubwa la reli ya mfano ni wapi treni zinakwenda zikitoka machoni pa mtazamaji. Wengi hujenga uwanja uliofichwa nyuma ya milima, nao hula nusu ya meza. Kwenye gati, mfano wa meli uliofupishwa, wenye njia mbili za mabehewa matatu kila moja, huondolewa na kurudishwa ukiwa na mzigo mwingine. Behewa la mita 13 huwa sentimita 15, hivyo meli ya sentimita 55 inatosha.

Uchaguzi huo una gharama yake. Garratt za daraja la 59, vichwa 34 vya treni za mvuke vilivyojengwa Manchester na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, ndizo fahari ya reli hii. Mount Gelai bado ipo katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Lakini kazi yao ilikuwa hasa kati ya Mombasa na Nairobi, na kila kimoja kina urefu wa karibu mita 32, yaani sentimita 36 katika mfano. Kichwa kama hicho kingemeza gati zima. Kuwekwa kando kwake kunauma, lakini ni sahihi.

Baada ya hapo ndipo programu huanza kusaidia. XTrackCAD ni ya bure kabisa, nayo hufanya kazi bila intaneti ikishapakuliwa, jambo lenye uzito kisiwani. AnyRail na SCARM huonyesha meza kwa sura tatu, lakini matoleo yake ya bure yana kikomo cha vipande vya reli: 50 kwa AnyRail na 100 kwa SCARM. Kwa gati dogo vinatosha. Kinachochorwa kwanza ni chumba chenyewe kwa milimita: kuta, mlango na nafasi unayofungukia, madirisha, na vidaka vya ukutani. Vidaka visifunikwe, kwani vinahifadhi mabehewa vizuri. Kisha huja ukingo wa rafu, na mwishoni reli.

Faida kubwa ya programu ni kwamba haimruhusu mtu kujidanganya. Anayechora kwa penseli hugawanya njia kwa pembe kubwa kuliko ile ya kweli. Reli za kugawanya njia zilizozoeleka hutoka kwa nyuzi 12 hivi, na njia mbili zilizoachana kwa sentimita 5 huhitaji kama sentimita 24 kabla ya kulingana. Njia nne za gati hula sentimita 70 kabla behewa la kwanza halijapata pa kusimama. Mpango uliopendeza karatasini mara nyingi hufia hapo, na ni bora ufie kwenye skrini. XTrackCAD pia huendesha treni za majaribio, na hapo hubainika kama kichwa kina nafasi ya kutosha kuzunguka na kushika mabehewa upande wa pili.

Mpango ukikubalika, huchapishwa kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi za A4, zikaunganishwa na kulazwa juu ya rafu. Mabehewa halisi ya mfano huwekwa juu yake kabla ya msumari wowote. Pwani kuna mambo mawili ya kuongeza. Reli za chuma hushika kutu kwa hewa ya chumvi, hivyo zinunuliwe za mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Plaiwudi nayo hupakwa rangi pande zote, pamoja na kingo, isivimbe kwa unyevu. Umeme hausumbui: treni nyingi za aina hii hutumia volti 12 za mkondo mnyoofu, sawa na betri ya sola, mradi fyuzi na kidhibiti mwendo viwe kati ya betri na reli.