Akiba ya Mafuta, Deni la Betri: Hesabu ya Gari la Haibridi

Gari la haibridi linaposhushwa bandarini Mombasa huwa limekwisha kutumia sehemu kubwa ya umri wa betri yake. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na wengi wetu hununua lile lililo ukingoni mwa kikomo hicho kwa kuwa ndilo la bei nafuu. Kwa gari la petroli tupu, miaka 7 ya barabara za Japani si neno. Kwa haibridi mambo ni mengine. Huko Marekani, Toyota ilikuwa ikitoa dhamana ya miaka 8 au maili 100,000 kwa betri kubwa ya magari haya, kisha ikaiongeza hadi miaka 10 au maili 150,000 kuanzia modeli za 2020. Linganisha tarakimu hizo na umri wa gari lililoegeshwa yadi. Mnunuzi wa Nairobi au Eldoret analipokea karibu na wakati uleule ambao kiwanda chenyewe kingeacha kubeba gharama ya betri.

Simkatazi mtu kununua haibridi. Kwa dereva anayefaa, sijui gari jingine la petroli linalomlipa vizuri zaidi. Ila gharama yake imegawanyika mafungu mawili yasiyoonekana kwa wakati mmoja: mafuta unayookoa kila wiki, na betri utakayoilipia siku usiyoijua. Muuzaji hutaja fungu la kwanza. Jirani aliyewahi kuunguzwa hutaja la pili. Anayetaka kununua inampasa ayaweke yote mawili kwenye karatasi moja.

Tuchukue Toyota Aqua, gari ambalo wengi huanzia kwalo. Lilitoka Japani Desemba 2011, injini ya cc 1500 ikisaidiana na mota ya umeme. Mfumo wa namna hiyohiyo ulitiwa kwenye Corolla Axio na Fielder za haibridi kuanzia 2013, kwa hiyo mengi ninayoyaeleza hapa yanazihusu na hizo pia. Chini ya kiti cha nyuma kuna betri ya nikeli yenye vipande 20, na kila kipande kina seli 6 ndani yake. Kwa jumla vinatoa volti 144. Umeme unaokaa humo ni mdogo kuliko watu wanavyodhani: haufiki hata uniti moja ya tokeni unayonunua nyumbani. Tena kompyuta ya gari haikubali betri ijae kabisa wala iishe. Huiweka kati ya asilimia 40 na 80 hivi ili idumu.

Betri ndogo hivyo inaokoaje mafuta? Kwa kukusanya kile ambacho gari la kawaida hukitupa. Ukikanyaga breki, gari la kawaida huugeuza mwendo kuwa joto kwenye pedi, joto likapotelea hewani. Haibridi huigeuza mota yake kuwa jenereta, ikarudisha sehemu ya mwendo huo kwenye betri, kisha ikautumia kuondokea. Na gari likisimama kwenye foleni, injini hujizima. Kwa hiyo akiba kubwa iko mjini, penye kusimama na kuondoka mara mia. Ukitoka Mlolongo kuelekea Mtito Andei, mguu umetulia kwenye mwendo mmoja, hakuna breki ya kuvuna, na injini ndiyo inayobeba karibu kazi yote.

Sasa tupige hesabu. Bei ya petroli hutangazwa upya na EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, kila mwezi, basi tukadirie shilingi 180 kwa lita. Mtu wa Kitengela anayefanya kazi katikati ya Nairobi huenda na kurudi kama kilomita 60. Kwa siku za kazi za mwaka mzima ni takriban kilomita 15,000. Gari la kawaida la cc 1500 katika foleni ya Mombasa Road tulipe kilomita 12 kwa lita. Litakunywa lita 1,250, sawa na shilingi 225,000. Aqua tulipe kilomita 20, wala tusiziguse zile 35.4 za kipimo cha Japani, ambazo dereva wa Nairobi hataziona. Lita 750, shilingi 135,000. Mtu huyu ameokoa shilingi 90,000 kwa mwaka.

Wa pili anaishi karibu na kazini. Gari lake ni la kanisani, sokoni na kuwapeleka watoto shule. Kwa mwaka kilomita 6,000. Kwa viwango vilevile anaokoa 36,000. Wa tatu ni mfanyabiashara wa Nakuru, kilomita zake ni 15,000 kama za yule wa Kitengela, lakini zote ni za barabara kuu. Huko gari la kawaida humpa kilomita 16 kwa lita na haibridi 20. Akiba yake haifiki 34,000.

Weka betri kwenye hesabu. Bei hutofautiana sana kati ya betri mpya ya kiwandani, mpya iliyotengenezwa na kampuni nyingine, na ile iliyong'olewa kwenye gari lililogongwa Japani. Tukadirie 180,000 pamoja na kazi ya fundi. Yule wa Kitengela ameilipa kwa akiba ya miaka 2. Wenzake wawili watahitaji miaka 5 na zaidi, na kufikia hapo hata betri waliyonunua huenda imeanza kuzeeka, hasa kama ilikuwa ya mtumba. Zipo betri za Toyota zinazovuka miaka 12 bila kusumbua, nami sitaki kumtisha mtu bure. Lakini gari lililokuja na miaka 7, ukikusudia kukaa nalo miaka 5, ni busara kuhesabu betri moja nzima kama sehemu ya bei ya kununulia. Isipoharibika, utakuwa umepata faida ambayo hukuitegemea.

Njia ninayoipendekeza ni nyepesi. Yule mwenye akiba ya 90,000 kwa mwaka na atenge 5,000 kila mwezi kwenye sacco, akaunti asiyoichanganya na matumizi mengine. Baada ya miaka 3 anazo 180,000, na bado kila mwaka amebakiwa na 30,000 za kwake. Waliolia kwa sababu ya haibridi, wengi wao hawakudanganywa kuhusu mafuta. Gari liliwapa akiba kweli, akiba ikaliwa, betri ilipokufa hawakuwa na kitu.

Sasa niseme kuhusu ukarabati wa seli, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Taa ya hitilafu ikiwaka na kompyuta ikasoma kodi P0A80, maana yake ni kwamba mfumo umeona betri kubwa haifai tena. Fundi atakwambia seli moja au mbili ndizo zilizokufa, azibadilishe kwa bei ndogo. Anasema kweli kuhusu seli hizo. Asichokwambia ni hali ya zile nyingine. Vipande 20 vimeunganishwa kwa mfuatano, umeme uleule unapita katika vyote, mfano wa watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji kuzima moto: mmoja akilegea, mstari mzima unalegea. Vyote vilitengenezwa pamoja, vimechajiwa pamoja, vimepigwa na joto lilelile. Kimoja kikifa, vingine haviko mbali. Ukitia kipande chenye nguvu katikati ya vichovu, gari litatembea, taa itazimika, kisha baada ya miezi michache kipande kingine kitaanguka. Utalipa kazi ya kufungua betri mara mbili, mara tatu, hadi ufikie bei ya betri nzima bila kuwa nayo. Ukarabati wa seli una faida kwa anayetaka kuliondoa gari barabarani na kulifikisha nyumbani, au kama fundi ana vifaa vya kuchaji na kupima kila kipande na kuvipanga kwa uwezo unaolingana. Nje ya hapo, nunua betri nzima yenye dhamana iliyoandikwa.

Joto ndilo adui mkubwa wa betri hii. Aqua huipoza betri kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia matundu yaliyo pembeni mwa kiti cha nyuma. Mkoba ukiegemezwa pale, au kitambaa cha kiti kikayafunika, au vumbi la murram likajaa, feni inavuma bila kupitisha hewa na betri inaiva. Kusafisha njia hiyo ni kazi ya muda mfupi na ya bei ndogo, lakini nimeona magari mengi yaliyohudumiwa kwa uaminifu miaka mitatu mfululizo, oili na plagi kwa wakati, bila mtu yeyote kuigusa feni. Kwa wenzetu wa Mombasa, Malindi na Dar es Salaam jambo hili lina uzito mara mbili. Egesha kivulini, na siku za jua kali washa kiyoyozi hata kama uko peke yako, kwa kuwa hewa unayoipoza wewe ndiyo inayoipoza betri. Kukaa bila kutumika nako ni hatari. Ndugu walio ughaibuni wanaonunua haibridi ikae nyumbani hadi Desemba wanaliua gari taratibu; betri ya nikeli hupoteza chaji ikiwa imelala, na vipande huachana kwa viwango. Kama gari lenu ni la aina hiyo, chagueni la petroli tupu.

Kuna upande ambao haibridi hulipa na watu husahau kuuhesabu. Aqua haina stata ya kawaida, haina altaneta, haina mkanda wa injini wala klachi. Pedi za breki hudumu muda mrefu kwa kuwa mota inabeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari. Hivyo ni vitu ambavyo kwenye gari la kawaida la umri huo vingekupeleka Kirinyaga Road kutafuta vipuri zaidi ya mara moja. Kwa upande mwingine, kifaa cha breki cha kielektroniki kikifa ni ghali, na pampu inayozungusha maji ya kupoza inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri ili uendeshe mota) ikisimama bila kugunduliwa inaweza kukuharibia inveta yenyewe. Maji hayo yana tangi lake, mbali na la injini. Fundi asiyejua haligusi.

Hapa niseme kwa nguvu kidogo. Kompresa ya kiyoyozi ya magari haya inaendeshwa kwa umeme mkubwa, na inatumia oili ya pekee isiyopitisha umeme. Fundi wa kiyoyozi akijaza oili ya kawaida, umeme huanza kuvuja kwenye mfumo, gari hukataa kuwaka, na mwenyewe huambiwa betri kubwa imekufa. Nyaya za rangi ya machungwa si mapambo pia: ndani ya Aqua umeme hupandishwa hadi volti 520. Anayefungua sehemu hizo bila kuchomoa plagi ya usalama, bila glavu za umeme na bila kusubiri inveta itoe chaji yake anacheza na uhai wake. Fundi wa haibridi ni ghali kuliko wa kawaida, na ana sababu.

Betri ndogo ya volti 12 nayo huwatia watu hasara isiyo na lazima. Ikichoka, dashibodi huwaka taa kama mti wa Krismasi na gari halionyeshi neno READY. Kabla hujakubali kuambiwa lolote kuhusu betri kubwa, hiyo ndogo ipimwe kwanza.

Wala haibridi zote si za ukoo mmoja. Prius ya kizazi cha tatu, iliyotoka 2009 ikiwa na injini ya cc 1800, inajulikana kwa njia ya kurudisha moshi kuziba masizi na gasketi ya silinda kuungua, ugonjwa wa injini ambao hauna uhusiano na betri. Honda Fit ya haibridi iliyotoka Septemba 2013 ina giaboksi ya klachi mbili, na Honda ililazimika kuwaita wenye magari hayo kwa marekebisho mara tano ndani ya takriban mwaka mmoja. Anayeinunua ahakikishe kwa namba ya chesisi kwamba marekebisho hayo yalifanyika Japani. Nissan Note e-Power, ya kuanzia Novemba 2016, injini yake haizungushi magurudumu hata kidogo, inazalisha umeme tu. Ni tamu mjini, lakini kwa yule mfanyabiashara wa Nakuru ndiyo ningeiweka ya mwisho.

Unapokwenda yadi, usilipende gari kwa rangi. Omba lipimwe kwa kompyuta na uone volti za kila fungu la betri gari likiwa linatembea, si likiwa limesimama. Siku hizi kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na programu ya simu kama Dr. Prius vinatosha kukupa picha. Endesha mlimani, kisha mteremko, ukiangalia alama za chaji kwenye dashibodi. Zikiruka kutoka juu kabisa hadi chini kwa dakika chache na kupanda tena kwa kasi ileile, betri haina ujazo uliobaki. Sikiliza feni nyuma: ikivuma kwa nguvu asubuhi ya baridi, jiulize kwa nini. Muuzaji akikataa upimaji, ondoka. Akikubali na betri ikaonekana dhaifu, hilo halina haja ya kukufukuza kama njia yako ni ile ya Kitengela. Toa bei ya betri kwenye bei anayoitaka, ununue gari, ubadilishe betri wiki ileile. Kwa maoni yangu hilo ni gari bora kuliko lile lenye betri ya wastani lililouzwa kwa bei kamili, kwa kuwa unajua umri wa betri yako kwa siku.

Na betri ya zamani usiiache gereji bure. Ina nikeli yenye thamani, na baadhi ya wauzaji huipokea na kupunguza bei ya mpya, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Stakabadhi, yenye tarehe na namba ya betri, iweke pamoja na logbook. Mnunuzi wa pili wa haibridi siku hizi huuliza hiyo kabla hajafungua boneti.