Kuchagua Mji wa Kuishi: Miguu, Nauli na Kijana wa Navakholo

Kijana amalizaye masomo Navakholo, katika kaunti ya Kakamega, aghalabu huondoka. Aendapo kutafuta kazi au kujiunga na chuo, huulizia mambo mawili kuhusu mji anaouendea: mshahara na kodi ya nyumba. Ni nadra aulizie jinsi atakavyofika kazini na kurudi, ilhali hilo ndilo litakaloamua kiasi cha mshahara kitakachobaki mfukoni. Makala haya yanaeleza namna ya kuupima mji kwa kigezo hicho, yaani iwapo mtu asiye na gari anaweza kuishi humo bila kuadhibiwa kwa kukosa gari.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukulia chumba kilicho mbali kinachokodishwa kwa shilingi 3,000 kwa mwezi, na kingine kilicho karibu na kazi kwa shilingi 7,000. Wengi watakimbilia cha kwanza. Lakini ikiwa nauli ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, siku 26 za kazi zitagharimu shilingi 5,200. Chumba rahisi kimekwisha kuwa cha shilingi 8,200, na hapo hazijahesabiwa saa zinazopotelea katika msongamano wa magari.

Jijini Nairobi hesabu hii haitabiriki, kwa kuwa nauli ya matatu haina bei maalumu. Mvua inyeshapo jioni, au sikukuu zikaribiapo, hupanda papo hapo. Kiini cha hali hii ni cha kihistoria. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, na tangu hapo uchukuzi wa umma ukawa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wafanyabiashara binafsi. Kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zilileta vidhibiti mwendo, mikanda ya usalama na idadi maalumu ya abiria. Nauli, hata hivyo, iliachwa sokoni.

Kuhusu kutembea, ipo dhana potofu inayostahili kusahihishwa. Inakadiriwa kuwa takriban asilimia 40 ya safari za Nairobi hufanywa kwa miguu. Mtu anaweza kudhani kwamba jiji hilo basi linatembeka. La hasha! Umati unaotoka Mukuru na Kibera alfajiri kuelekea Eneo la Viwanda haukuchagua kutembea, umekosa nauli. Mji ambao watu wengi hutembea si lazima uwe mji uliojengewa watembeao. Miongoni mwa wanaokufa katika ajali za barabarani nchini Kenya, waendao kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi. Mwaka 2015 serikali ya kaunti ya Nairobi ilipitisha sera iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa ajili ya wapita njia na waendesha baiskeli. Anayetaka kuupima uzito wa ahadi hiyo na ajaribu kutembea kando ya barabara zilizo nje ya katikati ya jiji wakati wa masika.

Dar es Salaam ilifuata njia nyingine. Mwezi Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza safari katika njia ya takriban kilomita 21, yakiwa na barabara yao wenyewe, vituo maalumu na nauli inayojulikana kabla ya kupanda. Pembeni zilijengwa njia za miguu na za baiskeli. Abiria wamelalamikia misongamano na uhaba wa mabasi, na malalamiko hayo yana msingi; ila mkazi wa Kimara anajua atalipa kiasi gani mvua inyeshe isinyeshe.

Miji ya wastani nayo haifai kudharauliwa. Mjini Kakamega soko, hospitali, stendi na ofisi za kaunti ziko katika eneo ambalo mtu mwenye afya hulivuka kwa miguu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi kamili mwaka 2007, kiko kando ya barabara ya Webuye, na mwanafunzi apangaye Lurambi au Sichirai anaweza kuishi muhula mzima bila kulipa nauli ya kila siku. Kasoro ni kwamba kazi ni chache kuliko Nairobi, na mvua za alasiri, ambazo Kakamega husifika kwazo, hugeuza vichochoro kuwa matope. Aidha, atakayemtembelea mzazi Navakholo mwishoni mwa juma atahitaji matatu, kisha huenda bodaboda hadi mlangoni, na gharama hiyo nayo iingizwe katika hesabu. Hata hivyo, kwa anayeanza maisha na mshahara mdogo, mji wa aina hii mara nyingi humfaa kuliko jiji.

Mji haupimwi Jumapili asubuhi, barabara zikiwa tupu. Anayekusudia kupanga chumba na aende huko siku ya kazi, saa moja jioni, ikiwezekana mvua ikinyesha. Atembee kutoka kituoni hadi mlangoni. Aangalie kama mtaro umefunikwa, kama taa zinawaka, na kama pikipiki zimeiteka njia ya miguu. Amuulize mwenye kibanda gari la mwisho hupita saa ngapi. Swali hilo la mwisho lina uzito zaidi kwa msichana atokaye kazini usiku, ambaye kwake mita 300 zisizo na taa zaweza kuwa sababu tosha ya kukikataa chumba.