Tohara au Ukeketaji? Nafasi ya Istilahi katika Kumtetea Mtoto wa Kike

Istilahi ni nyenzo ya utetezi. Wanaharakati wanaompigania mtoto wa kike nchini Kenya wamelazimika kuchagua baina ya maneno mawili, 'tohara' na 'ukeketaji', na uteuzi huo una athari kwa wanaotetewa.

Neno 'tohara' lina asili ya Kiarabu na maana yake ya msingi ni usafi. Asemaye 'tohara ya wasichana' hukisifu kitendo kabla ya kukijadili, na asiyekatwa huonekana mchafu kwa mujibu wa neno lenyewe. 'Ukeketaji' umetokana na kitenzi 'keketa', yaani kukata kwa shida kwa kifaa butu. Neno hili hufichua madhara: maumivu, kuvuja damu, maambukizi na matatizo ya uzazi. Ndiyo maana limeenea katika kampeni na vyombo vya habari.

Hata hivyo, neno hilo hukata kuwili. Mama aliyepitia kitendo hicho akiitwa 'mkeketwa' hadharani, huona ametukanwa na huacha kusikiliza. Njia tofauti ilifuatwa Tharaka mnamo 1996, pale Maendeleo ya Wanawake na shirika la PATH waliposhirikiana na wenyeji kuanzisha sherehe mbadala iliyoitwa 'Ntanira na Mugambo', yaani tohara kwa maneno. Wasichana walifunzwa mambo ya utu uzima, kisha wakasherehekewa bila kukatwa. Jina la heshima lilibakizwa, wembe ukaondolewa.

Sheria nayo inatambua nguvu ya kauli, kwani dhihaka za rika huweza kumsukuma msichana kwa ngariba. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya 2011 kinamwadhibu anayemtusi mwanamke kwa kutokeketwa, au mwanamume kwa kumwoa mwanamke wa aina hiyo. Adhabu ni kifungo kisichopungua miezi 6, faini isiyopungua shilingi 50,000, au zote mbili.

Kitaifa, wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa walipungua kutoka asilimia 38 mwaka 1998 hadi 15 mwaka 2022, ingawa kiwango kilibaki juu sana Kaskazini Mashariki. Elimu, sheria na utetezi vimechangia. Kwa mwandishi na mfasiri wa Kiswahili, funzo ni hili: 'ukeketaji' ni jina la kitendo. Lisigeuzwe kuwa jina la mwanamke aliyetendewa.