KUGONGA KWA INJINI, MILIMANI NA ZIWANI

Wasomaji wetu wa Mbinga na wa ufuko wa Ziwa Nyasa wanaijua vema barabara ya lami ishukayo kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay, na milima yake. Wako mafundi na wenye motakaa ambao, kwa sababu ya milima hiyo, hawaridhiki na injini kama ilivyotoka kiwandani. Huchonga silinda hedi ili hewa ibanwe zaidi, au hutia turbo, kisha huibadili kompyuta iongozayo petroli na cheche, wapate nguvu ya kupandia mizigo. Kazi hiyo si mbaya, lakini ina hatari moja ambayo yawapasa wote kuijua, nayo ni kugonga kwa injini. Basi twataka kueleza kugonga ni nini, hutambuliwaje, na kwa nini injini iliyotulia kabisa Mbinga yaweza kugonga ikifika ziwani.

Kugonga ni nini

Kwanza ni lazima kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mafundi husema injini "imenoki" wanaposikia kishindo cha beringi za konrodi zilizokwisha. Huko ni kugonga kwa chuma, na dawa yake ni kuifungua injini. Lakini kuna kugonga kwa namna nyingine, ambako twaweza kukuita kugonga kwa moto, na dawa yake ni mbali kabisa na hiyo. Anayekosa kuzitenga mbili hizi huweza kuifungua injini nzima bure, au kuiacha iungue akidhani ni tapeti tu.

Ndani ya silinda, pistoni huibana hewa iliyochanganyika na petroli, na kabla pistoni haijafika juu kabisa plagi hutoa cheche. Moto huanzia penye plagi ukaenea kwa utaratibu mpaka ukutani, kama moto uliowashwa upande mmoja wa shamba la nyasi kavu, nao huisukuma pistoni chini bila kishindo. Lakini joto na mbano vikizidi kiasi, ile sehemu ya mwisho ambayo moto haujaifikia hulipuka yenyewe, yote pamoja kwa mara moja. Mlipuko huo huzipiga kuta za silinda kama nyundo. Katika silinda yenye upana wa milimita 86 sauti yake hutetemeka karibu mara 6,600 kwa sekunde.

Madhara yake hayatokani na kishindo tu. Kwa kawaida hewa iliyo karibu kabisa na chuma huwa kama blanketi, hukikinga chuma na ukali wa moto. Mlipuko huliondoa blanketi hilo, na joto huingia katika alumini ya pistoni. Ndipo ukingo wa pistoni huanza kulika, pete huvunjika, na gasketi ya silinda hedi hupasuka. Katika injini yenye turbo mambo hayo yaweza kutokea katika muda wa kupanda mlima mmoja tu.

Jinsi ya kuitambua sauti

Kugonga kwa moto ni mlio mwepesi na mkali, kama kokoto zikitikiswa ndani ya kopo. Husikika injini inapobebeshwa mzigo, hasa dereva akikanyaga mafuta sana na gari likienda pole pole katika gia kubwa. Naye akiondoa mguu hukoma papo hapo. Kugonga kwa beringi ni kishindo kizito, kitokacho chini ya injini, wala hakikomi kwa sababu mzigo umepungua kidogo. Tapeti hulia tik-tik wakati wote, hata gari limesimama. Pistoni iliyolegea hulia asubuhi injini ikiwa baridi, kisha hunyamaza ikipata moto. Ekzosi iliyotoboka penye gasketi hutoa mlio kama wa kupuliza, na bati lililolegea hulia kwa mtikisiko wowote.

Sikio pekee halitoshi, maana katika injini iliyobadilishwa kelele ni nyingi. Basi yafaa kufanya majaribio haya, jambo moja moja, wala si yote pamoja.

La kwanza ni kuirudisha nyuma cheche kwa digrii 2 au 3 katika kompyuta, kisha kuupanda mlima ule ule, kwa gia ile ile. Mlio ukitoweka, ni kugonga kwa moto. Ukibaki vile vile, tafuta chuma kilichokwisha. Jaribio hili halina gharama, nalo huamua mabishano mengi.

La pili ni kuzitoa plagi na kuzitazama kwa kioo cha kukuzia. Vidoadoa vyeusi kama pilipili manga juu ya kauri nyeupe, au chembe ndogo zing'aazo za alumini, ni ushahidi kwamba pistoni imeanza kuliwa. Kauri iliyopasuka ni ushahidi mkubwa zaidi. Mwenye kuona chembe za alumini asiendelee na safari.

La tatu ni kusoma habari za sensa ya kugonga, yaani kile chombo kidogo kifungwacho kwa boliti ubavuni mwa injini, ambacho husikiliza mitetemo tuliyoitaja. Lakini nacho huweza kudanganyika kwa mlio wa nozeli, wa vali, au wa chuma kilicholegea karibu yake. Kwa hiyo izungushe injini mpaka mwendo ule ule ulioonyesha kugonga, gari likiwa limesimama bila mzigo. Sensa ikipiga kelele vile vile, yaelekea inasikia kitu kingine. Tena boliti yake isikazwe kwa kukisia, bali kwa kadiri iliyoandikwa na kiwanda, maana ikilegea au ikikazwa mno haisikii sawasawa.

Sababu zake

Ikiisha kujulikana kwamba ni kugonga kwa moto, sababu zitafutwe kwa utaratibu. Cheche ikitoka mapema mno, mbano huzidi. Fundi aipime kwa taa ya taimingi, ajue kama digrii zionyeshwazo na kompyuta ndizo zilizopo kweli katika injini. Petroli ikiwa chache kuliko hewa, joto huzidi. Injini isiyo na turbo, ikikanyagwa mpaka mwisho, hutaka sehemu kama 12.5 mpaka 13 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Yenye turbo hutaka kiasi cha 11.5 mpaka 12. Nozeli iliyoziba, chujio chafu au pampu dhaifu huweza kuharibu hesabu hiyo, hata kama kompyuta imeandikwa vizuri. Kadhalika rejeta iliyoziba, masizi yaliyoganda juu ya pistoni, na oili inayovuja kutoka katika turbo kuingia katika silinda, yote huleta kugonga.

Kisha iko petroli yenyewe. Nguvu yake ya kuzuia kugonga hupimwa kwa okteni. Zamani watu waliiongeza nguvu hiyo kwa risasi, dawa iliyogunduliwa na Thomas Midgley wa Marekani mwaka 1921. Lakini risasi ni sumu, na nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Sasa mwenye kununua injini ya turbo iliyotoka Japani akumbuke kwamba nyingi zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo kwa kanuni yao haipungui okteni 96, hali petroli yao ya kawaida haipungui 89. Asikisie kwamba petroli ya kituo cho chote yatosha. Na aulize kabla ya kuongeza mbano wala si baada yake.

Kuchanganya petroli na mafuta ya taa ni adui mkubwa zaidi, maana okteni ya mafuta ya taa ni ndogo mno. Uchakachuaji huo ulienea katika Tanzania hata Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, ikaanza mwaka 2010 kutia alama ya siri katika mafuta ili yajulikane, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya udanganyifu ipotee. Mwenye shaka adondoshe tone juu ya karatasi nyeupe safi: petroli njema hukauka upesi, bali iliyochanganywa huacha doa la mafuta na harufu ya taa.

Milima na ziwa

Sasa twafika kwenye jambo lihusulo nchi hii hasa. Ziwa Nyasa liko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari, na Mbinga iko milimani, juu ya mita 1,000. Kadiri mtu apandavyo ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Penye kimo cha mita 1,300 uzito wa hewa ni karibu kilopaskali 87. Kando ya ziwa ni karibu 96. Maana yake, mtu aliyeshuka kutoka kimo hicho mpaka ufukoni, injini yake hupata hewa zaidi kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi, bila yeye kugusa kitu.

Kompyuta ya injini huongoza cheche kwa jedwali lenye vyumba vingi. Upande mmoja ni mwendo wa injini, upande wa pili ni uzito wa hewa iliyoingia. Fundi anayetengeneza injini isiyo na turbo huko juu, hata akikanyaga mafuta mpaka mwisho, hawezi kufika katika vyumba vya kilopaskali 90 na 95, kwa kuwa hewa ya namna hiyo haipo milimani. Huvijaza kwa kukisia tu, au huviacha kama alivyovikuta. Gari hukimbia vizuri, naye huapa kwamba halina ila.

Mwenye gari hushuka nalo ziwani, na katika kushuka hakanyagi mafuta, kwa hiyo hasikii neno. Kesho yake hupakia mzigo Mbamba Bay na kuanza kupanda. Chini kule hewa ni nzito, hali ya nchi ni ya joto, na mguu umekanyaga mpaka mwisho. Hapo injini huingia kwa mara ya kwanza katika vyumba ambavyo hakuna mtu aliyevijaribu. Ndipo kokoto huanza kulia ndani ya kopo. Yeye husema petroli ya ziwani ni mbaya, na huenda petroli haina kosa lo lote. Mwenye turbo naye asijidhanie salama, maana chemchemi ya kawaida ya turbo hupima mbano juu ya hewa ya nje. Hewa ya nje ikiwa nzito, jumla yake huzidi pia.

Basi dawa ni hii. Fundi wa milimani, kabla ya kumpa mtu gari lake, ahesabu vyumba vyote alivyoshindwa kuvifikia, na katika hivyo airudishe cheche nyuma kwa digrii 3 au 4 na kuongeza petroli kidogo. Gari litapoteza nguvu kidogo ufukoni, wala halitapoteza pistoni. Kisha ashuke mwenyewe mpaka ziwani, akamalizie kazi huko, akipanda mlima kwa mzigo mwepesi kwanza, na kuongeza digrii moja moja huku akisoma sensa na plagi. Kazi hiyo ifanywe na watu wawili, mmoja kuendesha na mmoja kusoma kompyuta, tena mahali na wakati ambapo barabara haina watoto wala mifugo. Wala abiria wasichukuliwe katika gari la majaribio.

Na dereva aliye njiani, akisikia kugonga, afanye mambo matatu. Aondoe mguu mara moja; aingize gia ndogo zaidi, ili injini izunguke kwa wepesi; na akiona joto la maji limepanda, asimame mahali salama mpaka lipoe. Asitumaini kwamba mlio utakwisha wenyewe kilimani.

Injini nzuri hununuliwa kwa fedha ya mavuno mengi, nayo huharibika kwa mlima mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa injini huanza kwa mlio mdogo ambao mtu aweza kuusikia, kuupima na kuuponya, kama akiuliza kwanza ni chuma kigongacho au ni moto, na kama injini yake ilitengenezwa katika hewa ya mahali gani.